Sura ya Sita: Mwenye Nakala Abebe na Dasta

Tuchukue tanzia. Mzee amefariki alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi mhazini wa kamati ya mazishi ameshaweka kwenye kundi la familia la Telegram namba ya simu ya kupokelea rambirambi. Tarakimu mbili za mwisho zimebadilishana nafasi. Anashtuka baada ya dakika tatu, anaufuta ujumbe, anaandika mwingine wenye namba sahihi, na katika kundi lake mambo yamekwisha. Ila kundi hilo lina roboti ya kusambaza, ile programu inayochukua kila tangazo na kulipeleka makundi mengine, na makundi hayo ni matatu: la ndugu walioko Dar es Salaam, la walioko Muscat, na la waliosoma na marehemu. Roboti iliupeleka ujumbe wa kwanza. Ikaupeleka na wa pili. Habari kwamba ule wa kwanza umefutwa haikuipeleka popote, kwa sababu haikuipata. Sasa makundi matatu yana namba mbili, na mjomba aliyeko Muscat, anayefungua simu akitoka kazini, anakutana na ile ya juu kwanza. Jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha analichukulia kuwa la mwanakamati asiyemfahamu. Anatuma. Fedha inaingia kwa mtu ambaye hakumjua marehemu wala hamjui mjomba.

Kosa hapo ni la nani? Mhazini alikosea kweli, lakini alijirekebisha upesi na kwa njia ile ile aliyopewa. Telegram ilifuta ilipoambiwa ifute. Mjomba alisoma kilichoandikwa. Ninashikilia kwamba kosa ni la aliyeiweka roboti bila kuipa uwezo wa kufuta, na hoja ya sura hii ni hiyo moja: anayejipa kazi ya kunakili maneno ya mwenzake anachukua, pamoja na kazi hiyo, deni la kuyaondoa mwenye maneno anapoyaondoa. Nasema deni kwa makusudi. Wengi wanaotengeneza roboti hizi huhesabu ufutaji kama nakshi ya kuongezwa baadaye, muda ukipatikana. Kusambaza ndiyo kazi, wanasema, na mengine ni ziada. Mimi naona kazi hiyo ni moja yenye nusu mbili, na aliyemaliza nusu ya kwanza hajamaliza.

Sababu iko katika maana yenyewe ya kufuta. Tumezoea kufikiri kwamba kufuta ni kuondoa kitu mahali kilipo, na palipo na nakala moja hilo ni kweli. Ubao ukiwa mmoja, ukapitisha dasta, maandishi yametoka. Mbao zikiwa nne katika vyumba vinne, dasta ya chumba cha kwanza haina la kusema kwenye vyumba vingine. Lazima mtu atoke, atembee, akaseme kwamba yale maneno yameondolewa. Yaani mara tu nakala zinapozidi moja, kufuta kunageuka kuwa habari, na habari huhitaji wa kuipeleka. Roboti inayosafirisha maneno mapya ikaacha habari ya kufutwa ni sawa na tarishi anayepeleka barua za mwaliko akaitupa njiani barua ya kuahirisha shughuli.

Wahandisi wa hifadhidata walilijua hili mapema, kwa kuwa liliwauma. Cassandra, hifadhidata iliyozaliwa Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, huweka nakala za taarifa ile ile kwenye mashine kadhaa. Ukiiambia ifute kitu, haikifuti papo hapo. Inaandika alama mpya inayosema kitu hiki kimekufa, na alama hiyo, ambayo kwa lugha yao huitwa jiwe la kaburi, husambazwa kwenye mashine zote kama taarifa nyingine yoyote. Kwa kawaida inatunzwa siku 10 kabla ya kuondolewa. Mashine moja ikizimika kwa muda mrefu zaidi ya hapo, kisha ikarudi kazini na nakala yake ya zamani, hakuna tena jiwe la kuiambia kwamba kitu kile kilishazikwa. Itakitoa kama kipya, na wenzake watakipokea na kukinakili upya. Kilichofutwa kinafufuka. Kilichowapata wahandisi hao ndani ya mashine kinatupata sisi kwenye makundi yetu ya simu, ila sisi kinachofufuka kwetu huwa ni namba ya rambirambi, picha ya mtoto, au siri ya mtu.

Hapa mtengeneza roboti atanijibu kwamba si uvivu wake, ni Telegram ndiyo iliyomfunga mikono. Ana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya anachosema ni kweli. Tangu Juni 2015 Telegram imewapa watu njia rasmi ya kutengeneza roboti, na kwa njia hiyo roboti huletewa taarifa za kila namna: ujumbe mpya, ujumbe uliohaririwa, mtu aliyejiunga, kitufe kilichobonyezwa. Ujumbe uliofutwa kwenye kundi au chaneli ya kawaida haumo katika orodha. Tangu 2024 akaunti za biashara zilizounganishwa na roboti hupata taarifa ya mazungumzo yaliyofutwa, lakini kundi la familia halihusiki na mlango huo. Kwa hiyo roboti inaweza kukaa ndani ya kundi, ikapewa hata uadmini, ukafuta ujumbe mbele yake, na isijue. Kwake ule ujumbe bado upo.

Ndiyo maana wanaotaka kusikia ufutaji hutumia njia ya pili: programu inayoingia Telegram kwa akaunti ya mtu, kama simu nyingine yoyote ingeingia, kwa msaada wa maktaba za msimbo kama Telethon. Akaunti hiyo huletewa habari ya kufuta, kwa sababu simu zote zinahitaji kujua cha kuondoa kwenye kioo. Habari yenyewe ni fupi mno. Kwenye chaneli na makundi makubwa inasema: katika chaneli fulani, ujumbe namba 4812 umefutwa. Haisemi ulikuwa na maneno gani wala nani ameufuta. Kwenye mazungumzo ya watu wawili na makundi madogo inasema hata kidogo kuliko hapo: namba tu, bila kutaja mazungumzo gani, kwa sababu huko akaunti ina mfululizo mmoja wa namba kwa mazungumzo yote. Programu isiyojiandalia mapema itaipokea namba 4812 na kubaki imeishika mkononi isijue pa kuipeleka.

Kujiandaa mapema ni kuweka daftari, na hapa ndipo ninapoona kwamba mikono ya mtengeneza roboti haikufungwa kama anavyodai. Ujumbe 4812 unapotoka kundi la familia na kutua kwenye makundi matatu, kila kundi huupa namba yake: 951 Dar es Salaam, 377 Muscat, 2206 kwa waliosoma pamoja. Namba hizo roboti inazo, maana kila inapotuma inajibiwa kwamba ujumbe umepokelewa na hii ndiyo namba yake. Inatakiwa kuandika mstari mmoja: 4812 ni 951, 377 na 2206. Habari ya kufutwa ikifika, inafungua daftari, inausoma mstari na kutuma amri tatu za kufuta. Picha zinazotumwa kwa pamoja kama albamu zinahitaji uangalifu, kwa kuwa kila picha ina namba yake hata kama kwenye kioo zinaonekana kitu kimoja. Anayeandika ya kwanza tu ataacha nyingine zikining'inia. Daftari hilo halihitaji kuhifadhi maneno ya mtu yeyote. Ni namba kwa namba. Asiyeliandika siku ya kutuma hawezi kuliandika siku ya kufuta, kwa sababu majibu yale yamekwisha kupita. Nadhani hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ufundi huu: uamuzi wa kufuta hufanywa wakati wa kunakili.

Hata hivyo, atasema, habari zenyewe haziaminiki. Nalo ni kweli. Maelezo ya Telethon yanaonya waziwazi kwamba Telegram haiarifu kila mara ujumbe unapofutwa. Mtandao ukikatika au seva ikizimika usiku, kuna yatakayopotea. Lakini hoja hiyo inatufikisha wapi? Posta nayo hupoteza barua, na hakuna aliyependekeza kwamba kwa sababu hiyo isipeleke hata moja. Chombo kisichosikia kila kitu huongezewa ukaguzi: kila baada ya muda programu inapitia jumbe za siku chache zilizopita kwenye kundi la asili, inalinganisha na daftari, na namba isiyoonekana tena inaishughulikia kama iliyofutwa. Ni kazi ya kuchosha, na inafanyika.

Kizuizi cha upande wa pili ni kigumu zaidi. Roboti inapotaka kufuta nakala, nyaraka za Telegram zinaiwekea saa 48 tangu ujumbe utumwe. Mwaka 2019 Telegram iliwapa watumiaji wake uwezo wa kufuta pande zote mbili za mazungumzo ya faragha ujumbe wa wakati wowote, na kwa hiyo mtu na roboti hawako sawa: mwenye ujumbe anaweza kuukumbuka baada ya mwezi, roboti ikawa imepitwa na muda. Njia ya kuzunguka ipo, nayo inategemea uchaguzi ambao wengi huufanya bila kufikiri. Roboti inaweza kufowadi ujumbe, ukaonyesha ulikotoka, au inaweza kuunakili, ukawa kana kwamba ni wake. Uliofowadiwa hauhaririki. Ulionakiliwa ni mali ya roboti, na mali yake inaweza kuihariri: pale ilipokuwa namba mbovu ya simu paandikwe kwamba tangazo hili limeondolewa na mwenyewe. Kunakili kuna ubaya wake, kwani jina la msemaji hupotea lisipoandikwa, lakini kwa anayetaka kuweza kurudi nyuma ndiko kunakoacha mlango wazi.

Nimekaa sana kwenye ufundi kwa sababu ndiko watu wanakojificha. Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya kukata tamaa: ya nini yote hayo, na watu wana skrinshoti? Kilichotoka kimetoka. Simlaumu anayesema hivyo, ila anachanganya vitu viwili. Skrinshoti ni kitendo cha mtu. Amekaa, ameona, amekusudia kuhifadhi, na akiisambaza anajua anasambaza nini na anaweza kuulizwa. Nakala ya roboti haikukusudiwa na yeyote. Inabaki kwa kusahauliwa. Na idadi kubwa ya madhara ya jumbe zilizofutwa hayatoki kwa adui aliyekusudia. Yanatoka kwa mtu mwema aliyekuta kitu mahali palipostahili kuaminiwa, kama mjomba alivyokuta namba. Kuziba njia hiyo hakumzuii mbaya, na hakukuahidiwa kwamba kutamzuia.

Pingamizi linalonipa shida kweli ni la kinyume chake: kwamba ufutaji unaosafiri wenyewe ni silaha. Historia iko upande wa wanaosema hivyo. Usenet, mtandao wa majadiliano uliotangulia makundi yote ya leo, ulikuwa na mfumo ambao kila seva ilinakili jumbe kutoka kwa jirani yake, na waraka wake wa kanuni wa mwaka 1987 uliweka amri maalumu ya kufuta iliyosafiri njia zile zile za ujumbe. Waliwahi kuelewa kwamba kufuta ni habari. Walichokosa ni njia ya kuhakikisha anayeamuru kufuta ndiye aliyeandika. Jina la mtumaji liliweza kughushiwa na yeyote, na katika miaka ya 1990 watu walifutiana maneno kwa hila hadi waendesha seva wengi wakaamua kuzipuuza amri hizo zote. Mwishoni mwa Machi 1993 Richard Depew aliwasha programu yake, ARMM, iliyokusudiwa kufuta jumbe za watu wasiotaja majina. Kwa kosa la msimbo, programu ikaanza kuzishughulikia jumbe zake yenyewe, kila moja ikizaa nyingine, ikamwaga takriban jumbe 200 kwenye jukwaa la wasimamizi kabla ya kusimamishwa. Mashine iliyotengenezwa kusafisha ikawa ndiyo inayochafua.

Napokea funzo la Usenet lote, ila sioni kwamba linaamuru tuache. Linaamuru tuulize nani anafuta, na kwa kiasi gani. Kwa kuwa habari ya Telegram haimtaji aliyefuta, roboti yenye busara huweka kipimo: ujumbe mmoja au watano kwa saa hufutwa moja kwa moja, mia mbili ndani ya dakika moja ni dalili kwamba akaunti ya admini imeibwa, au kuna ugomvi ndani ya kamati, na hapo programu isimame imwite mtu. Roboti isiguse kamwe ujumbe ambao daftari lake halionyeshi kwamba iliutuma yenyewe. ARMM ingekuwa na sheria kama hiyo, isingegusa maneno ya mtu mwingine. Na anayetaka nakala za akiba kwa hofu ya kuibiwa chaneli azitenge mahali pasipoonekana na umma. Akiba na matangazo ni vitu viwili. Tatizo huja mtu anapotumia kundi la watu 800 kama kabati lake la kumbukumbu.

Kuna na haki ya kukumbuka. Kuanzia mwaka 2010, mradi wa Politwoops ulioanzia Uholanzi ulikuwa ukikusanya na kuonyesha jumbe ambazo wanasiasa walizifuta Twitter. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliufungia mlango, ikisema kila mtumiaji ana haki ya kufuta aliyoyasema, awe nani. Kabla mwaka haujaisha ikarudi nyuma na kukubaliana na wahusika. Waliokuwa wakiutetea mradi walikuwa na hoja nzito: kiongozi anaposema jambo kwa cheo chake, maneno hayo si yake peke yake. Nakubaliana nao, na sioni kwamba yanavunja hoja yangu. Politwoops ilijulikana inafanya nini. Iliandika juu ya kila ujumbe kwamba umefutwa, ilichagua watu wa kufuatiliwa kwa kigezo cha wazi, na ilikuwa na wa kujibu lawama. Roboti ya kusambaza haina hata kimoja kati ya hivyo. Inahifadhi maneno ya waziri na ya binti wa miaka 15 kwa usahaulifu ule ule, na kuyaonyesha yote kana kwamba bado yanasemwa. Anayetaka kuwa mtunza kumbukumbu za umma na asimame aseme hivyo. Na kwa anayehofia ushahidi wa matusi au utapeli ndani ya kundi lake, Telegram yenyewe huwaonyesha maadmini jumbe zilizofutwa kwa saa 48 katika kumbukumbu ya matukio ya hivi karibuni. Ushahidi unaweza kuchukuliwa pale na kupelekwa unakostahili, bila kuuacha ukisomwa na watu wote.

Sheria nazo zimeanza kuelekea huko. Kifungu cha 17 cha kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, kinamtaka aliyetangaza taarifa za mtu achukue hatua za busara kuwaarifu wengine wanaozishughulikia kwamba mwenyewe ametaka zifutwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inasema jambo la karibu sana na hilo kuhusu taarifa zilizokwisha kupewa wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Septemba mwaka huo huo Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Fikiria shule inayopata agizo la kuondoa picha, ikaziondoa kwenye chaneli yake kwa nia njema kabisa, na roboti ilikwisha kuzipeleka kwenye makundi tisa ya madarasa. Mwalimu mkuu ataandika barua kwamba ametii. Mzazi atafungua simu na kumkuta mwanawe bado yupo.

Kwa kundi la familia sheria hizi hazitafika. Zote za Ulaya na Kenya huacha kando mambo ya nyumbani ya mtu binafsi, na ni sawa ziache. Mhazini wetu hatamshtaki mpwa wake aliyeiweka roboti. Lakini atamuuliza, na mpwa atahitaji jibu la kumpa mjomba pia. Akiwa na daftari anaweza kulifungua, akatazama mstari wa 4812, na kuona kwamba 951 na 2206 zimefutwa saa nne na dakika nne, na kwamba 377, ile ya Muscat, iligoma kwa sababu mtandao ulikatika kabla amri yake haijafika. Hapo atajua ampigie nani, na la kumwambia: ingia kwenye kundi sasa hivi, kuna namba hapo juu, itoe kwa mkono wako kabla watu hawajatoka kazini.